Mpira usiokuwa na upepo: hekima ya kocha aliyemfundisha Mutombo



Katika nyumba nyingi za Kongo jina la Dikembe Mutombo halihitaji maelezo. Hata mama asiyejua sheria moja ya basketi anamkumbuka yule kijana wa Kinshasa, mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 18, aliyekuwa akizuia mpira hewani kisha akitikisa kidole, kana kwamba anawaambia wapinzani: hapa hapapitiki. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa ugonjwa wa kansa ya ubongo, akiwa na miaka 58. Alituachia hospitali, alituachia shule, na alituachia mfano.

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya mtu aliyempokea Mutombo alipofika ugenini. Mtu huyo ni John Thompson, kocha wa basketi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, katika mji wa Washington, Marekani. Alifundisha pale miaka 27, tangu 1972 hadi 1999, na timu zake zilishinda michezo 596. Lakini hatumleti kwenu kwa sababu ya hesabu ya ushindi. Tunamleta kwa sababu mambo aliyowafundisha vijana wake ndiyo yaleyale tunayohangaika nayo sisi wamama kila siku: namna ya kumlea mtoto asipotee, namna ya kufanya kazi pamoja bila kuvunjika, na namna ya kuendelea pale watu wanapotucheka.

Mtoto aliyedharauliwa darasani

John Thompson alizaliwa Washington mwaka 1941, wakati ambapo watu weusi wa mji ule walitengwa na wazungu shuleni na mahali pengi pa mji. Baba yake alikuwa mfanyakazi hodari, lakini hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake, Anna, alikuwa amesomea ualimu. Hata hivyo kazi aliyoipata ni ya kusafisha nyumba za watu.

Mtoto John alipoanza masomo hakufuata vizuri. Macho yake yalikuwa dhaifu, hakuona vema maandishi ya ubaoni, na kusoma kukamshinda. Shuleni wakasema akili yake ni nzito. Ni wangapi kati yetu wamesikia neno kama hilo juu ya mtoto wao? Mama Anna hakulikubali. Baadaye mwalimu mmoja mwanamke, Sametta Wallace Jackson, aligundua kwamba kijana huyu hana ujinga wowote, ila hajafundishwa kusoma ipasavyo. Akampa muda wake, na mtoto akasoma.

Tusilipite jambo hili haraka. Kocha aliyekuja kuwa mkubwa kiasi kile, mwanzoni aliokolewa na wanawake wawili: mama aliyekataa kuamini dharau, na mwalimu aliyetazama mara ya pili. Walipomaliza wao kazi yao, ndipo basketi ikaanza.

Alikua mrefu, akacheza katika chuo cha Providence, kisha akaingia timu kubwa ya Boston Celtics. Alitwaa nayo ubingwa mara mbili, mwaka 1965 na 1966. Lakini sehemu kubwa ya muda alikaa kwenye benchi, maana nafasi yake ilishikwa na Bill Russell, mmoja wa wachezaji wakubwa wa wakati wote. Thompson aliutumia muda ule kutazama. Aliona namna Russell alivyoisaidia timu kwa kuzuia mipira ya wapinzani, hata siku ambayo yeye mwenyewe hakufunga pointi nyingi. Somo hilo alilibeba, na miaka mingi baadaye lilimfaa kijana wetu wa Kinshasa.

Watu waliomwona Thompson uwanjani wanamkumbuka pia kwa kitu kimoja: taulo jeupe begani. Ilikuwa ni heshima kwa mama yake, aliyezoea kutupia kitambaa begani akiwa katika kazi za nyumbani. Kocha yule mrefu wa mita mbili na zaidi, mwenye sauti ya ngurumo, alisimama mbele ya maelfu ya watu akiwa amebeba alama ya jikoni kwa mama yake. Wamama wenye kitambaa begani wakikoroga bukari, mjue ya kwamba watoto wanawaona.

Mwanamke aliyekaa kwenye benchi

Thompson alipoitwa Georgetown mwaka 1972, timu ilikuwa hoi. Msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda michezo 3 tu na kupoteza 23. Kocha mwingine angetafuta kwanza wachezaji warefu. Thompson pamoja na wachezaji alimleta Mary Fenlon, mwanamke aliyekuwa amefundisha naye katika shule ya sekondari. Kazi yake ilikuwa kusimamia masomo ya wachezaji.

Mama huyu alijua kila mchezaji anasoma nini, ameandika kazi gani, ameshindwa somo lipi. Alisafiri na timu. Wakati wa mchezo alikaa kwenye benchi pamoja na makocha, ingawa hakufundisha mpira. Mchezaji aliyekwepa darasa alijua kwamba atakutana na Mary Fenlon, na nyuma yake yuko Thompson. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka 20.

Matunda yalionekana. Kati ya wachezaji wa Thompson waliokaa chuoni miaka yote minne, 97 kwa mia walipata diploma yao. Wengi wao walitoka katika familia maskini ambazo hazikuwahi kumpeleka mtu chuo kikuu.

Ndani ya ofisi yake Thompson aliweka mpira wa basketi uliotolewa upepo, umelala bapa kama chapati. Kila kijana aliyeingia aliuona. Maana yake ilikuwa wazi: iko siku mpira utaishiwa upepo. Goti litaumia, au umri utafika, au timu haitakutaka tena. Siku hiyo utabaki na nini kichwani?

Tunaufikiria mpira ule tunapoona watoto wetu wanavyokimbilia kiwanjani. Mpira wenyewe ni mzuri, tunaupenda, unawaepusha vijana na mambo mabaya. Lakini mtoto mmoja tu kati ya maelfu atakula kwa mpira, na hata huyo mmoja atazeeka. Ndivyo ilivyo pia kwa muziki, kwa biashara ya simu, kwa machimbo ya dhahabu. Kila kazi ina siku yake ya kuishiwa upepo. Minervali tunayoilipa kwa kuuza sombe na makaa ndiyo upepo ambao hauwezi kutoka.

Pasi iliyopotea

Sasa tufike kwenye jambo la kufanya kazi pamoja. Tarehe 29 Machi 1982, Georgetown ilicheza mchezo wa mwisho wa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani dhidi ya North Carolina, katika mji wa New Orleans. Uwanja ulijaa watu zaidi ya elfu sitini. Zikiwa zimebaki sekunde chache, kijana wa North Carolina, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan, alifunga. Ikawa 63 kwa 62. Georgetown walikuwa na muda wa kufunga tena na kushinda.

Mpira ulikuwa mikononi mwa Fred Brown wa Georgetown. Kwa pembe ya jicho aliona mtu karibu naye, akadhani ni mwenzake, akampa pasi. Alikuwa James Worthy, mchezaji wa timu pinzani. Mchezo ukaisha. Kazi ya mwaka mzima ilipotea kwa pasi moja, mbele ya nchi nzima iliyokuwa ikitazama kwenye televisheni.

Thompson alifanya nini? Alimfuata Fred Brown, akamkumbatia. Hakumkaripia, wala hakumgeuzia mgongo. Picha ile ya kumbatio ikaenea kote. Walioitazama walielewa kwamba timu ile ilikuwa na kitu ambacho kombe haliwezi kukileta.

Baada ya miaka miwili, tarehe 2 Aprili 1984, Georgetown ilirudi kwenye mchezo wa mwisho, safari hii katika mji wa Seattle, dhidi ya Houston. Fred Brown alikuwa bado yuko kikosini, sasa ni mmoja wa wakubwa wa timu. Walishinda 84 kwa 75. Mchezo ulipokwisha, Thompson alimtafuta tena Fred Brown, akamkumbatia kwa mara ya pili. Thompson akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo.

Tuyaangalie mambo haya kwa macho ya vikundi vyetu. Tunajua namna likelemba inavyovunjika. Mama mmoja anakosea hesabu, au anachelewa kuleta zamu yake kwa sababu mtoto amelazwa, na ndani ya siku mbili jina lake liko sokoni na kwenye foleni ya maji. Haji tena kwenye mkutano. Marafiki zake wanamfuata. Kikundi kilichokuwa na wamama 25 kinabaki na 9, na wale 9 hawaaminiani. Hasara ya pesa ilikuwa ndogo. Maneno ndiyo yaliyokula kikundi.

Hatusemi kwamba mwizi akumbatiwe na kupewa sanduku tena. Fred Brown hakuuza mchezo, alikosea. Kikundi chenye akili kinatofautisha mambo hayo mawili. Aliyeiba anahukumiwa kwa sheria za kikundi. Aliyekosea anasahihishwa, anasaidiwa, na anabakizwa ndani. Kama Thompson angemfukuza Fred Brown mwaka 1982, wachezaji wengine wote wangecheza kwa woga tangu siku ile, kila mmoja akiogopa kuwa wa pili kufukuzwa. Na mtu mwenye woga hatoi pasi. Anaukumbatia mpira peke yake.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hata kile kidole maarufu cha Mutombo kilitikiswa baada ya wenzake wanne kuwazuia wapinzani wengine.

Shuka lenye matusi

Uvumilivu wa Thompson ulijaribiwa mapema. Katika msimu wa 1974 na 1975 timu yake ilipoteza michezo mfululizo. Siku moja, ndani ya uwanja wao wenyewe, watu wasiojulikana walining'iniza shuka lenye maandishi ya kumtusi kwa rangi ya ngozi yake na kutaka aondolewe.

Hakuondoka. Wakuu wa chuo walibaki naye, na wachezaji wakabaki naye. Msimu uleule timu iliinuka, ikashinda michezo ya mwisho ya eneo lao, ikaingia katika mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1943. Tangu siku ya shuka hadi siku ya kombe ilipita miaka tisa. Tunaandika hesabu hiyo makusudi. Tunapenda kusikia habari za ushindi, lakini mara nyingi hatuambiwi urefu wa njia.

Na hata baada ya kombe hakukuwa na njia laini. Mwaka 1985 Georgetown ilifika tena mchezo wa mwisho, wote wakitegemea itashinda, ikafungwa na Villanova, 66 kwa 64. Mwaka 1988 Thompson aliongoza timu ya taifa ya Marekani kwenye michezo ya Olimpiki ya Seoul. Walifungwa na Umoja wa Kisovieti na kurudi na medali ya shaba, wakati nchi yake ilizoea dhahabu. Alilaumiwa sana. Aliendelea kufundisha miaka kumi mingine.

Mama anayeamka saa kumi ya usiku kwenda kuchukua bidhaa, akanyeshewa, akaibiwa, na kesho yake akaamka tena saa kumi, haitaji mtu wa kumfundisha uvumilivu. Lakini ni vema ajue kwamba watu wakubwa pia walipita humo, na kwamba kushindwa kwa mwaka mmoja si hukumu ya maisha yote.

Kusimama mlangoni kwa ajili ya mtoto

Wazazi wengi walimpa Thompson watoto wao kwa sababu moja: alisimama mlangoni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Washington iliharibiwa na dawa za kulevya. Mkuu wa biashara hiyo alikuwa kijana aitwaye Rayful Edmond, aliyependa basketi na aliyeanza kuzoeana na baadhi ya wachezaji wa Georgetown. Wengine walimwogopa. Thompson alimwita ofisini kwake akamwambia uso kwa uso: waache vijana wangu. Edmond alikamatwa mwaka 1989 na kufungwa. Wachezaji wa Georgetown hawakuingizwa katika kesi yake.

Miaka michache baadaye mama mmoja, Ann Iverson, alimjia Thompson na ombi. Mwanawe Allen, mchezaji hodari, alikuwa amefungwa jela baada ya ugomvi wa vijana, na vyuo vilivyomtaka vilikuwa vimenyamaza. Mama alimwomba kocha amwokoe mtoto wake. Thompson akampokea. Hukumu ile ilifutwa baadaye kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Allen Iverson akawa mmoja wa wachezaji wakubwa wa basketi, na mwaka 2016, alipopewa heshima ya juu kabisa ya mchezo huo, alimshukuru Thompson hadharani kwa kumwokoa maisha.

Sisi tunaona kwamba shujaa wa kwanza wa habari hiyo ni mama. Alikwenda kuomba. Kuna aibu ya kugonga mlango wa mtu mkubwa na kusema mtoto wangu yuko jela. Wengi wetu tunaficha, tunasema amesafiri. Mama Ann hakuficha, ndiyo maana alisaidiwa.

Tarehe 14 Januari 1989 Thompson alisimama kwenye mlango mwingine. Wakuu wa michezo ya vyuo walikuwa wamepitisha sheria ya kuwanyima ufadhili wa masomo vijana ambao alama zao za mtihani hazikufika kiwango fulani. Thompson aliona kwamba itawafungia nje watoto maskini, waliosoma katika shule duni. Mchezo dhidi ya Boston College ulipokaribia kuanza, alimwachia msaidizi wake taulo, akatoka uwanjani. Nchi nzima ikauliza kwa nini. Sheria ile haikutumika kama ilivyoandikwa kwanza. Hakusahau kwamba yeye pia alikuwa mtoto aliyeambiwa hana akili.

Kijana aliyetaka kuwa daktari

Ndipo tunapofika kwa Mutombo. Alikuwa amesoma Boboto, shule ya Wajezuiti mjini Kinshasa, na alianza basketi akiwa amechelewa, na miaka kama 16. Mwaka 1987 alikwenda Georgetown kwa ufadhili wa masomo. Nia yake ilikuwa kuwa daktari. Kiingereza kilikuwa kidogo sana, na mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo, aliingia katika masomo ya lugha. Thompson alimwona, akamwalika kujiunga na timu.

Katika timu Mutombo alikutana na kijana mwingine mrefu, Alonzo Mourning. Wote wawili walitakiwa kucheza chini ya kikapu, na katika timu nyingine mmoja angekaa nje akinuna. Thompson aliwafundisha kusimama pamoja, kila mmoja akijua sehemu yake. Wapinzani wakaona wamewekewa ukuta wa pande mbili. Na lile somo la Bill Russell, kwamba mtu anaweza kuishindia timu yake kwa kuzuia, likaingia ndani ya Mutombo kuliko kwa mtu yeyote. Alipomaliza kazi yake alikuwa wa pili katika historia ya ligi ya NBA kwa idadi ya mipira aliyoizuia: 3,289.

Udaktari haukupatikana. Lakini mwaka 1991 alitoka Georgetown na diploma katika mambo ya lugha na ya diplomasia. Wakati wa likizo alikuwa amefanya kazi ya kujifunza katika Bunge la Marekani na katika Banki ya Dunia. Alizungumza lugha tisa. Mpira wake ulipoishiwa upepo mwaka 2009, kichwa kilikuwa kimejaa.

Tazameni sasa alivyofanya na mafanikio yake. Mwaka 1996 dada zetu wa timu ya basketi ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, walifuzu kwenda Olimpiki ya Atlanta. Mutombo alilipia mavazi na gharama zao. Mwaka 1997 mama yake, Biamba Marie, aliugua Kinshasa wakati wa machafuko, na hakuweza kufikishwa hospitali, akafariki. Miaka kumi baadaye, mwaka 2007, ilifunguliwa huko Masina hospitali yenye vitanda 300 na yenye jina la mama huyo. Mtoto aliyetaka kuwa daktari hakuwa daktari, lakini madaktari wanafanya kazi ndani ya nyumba aliyoijenga. Karibu na Mbuji-Mayi alijenga pia shule, akaipa jina la baba yake, Samuel.

Kocha alibeba taulo la mama yake begani. Mwanafunzi aliandika jina la mama yake juu ya mlango wa hospitali.

Hakuwa malaika

Tusimpambe Thompson kupita kiasi. Alikuwa mkali, na sauti yake iliwatisha wengi. Aliwafungia waandishi wa habari milango ya mazoezi, na alilaumiwa kwamba anawaficha vijana wake kama wafungwa. Hekima ya mtu mkali haitufundishi kupiga kelele. Makelele yake yangekuwa bure kama vijana hawangejua kwamba kocha huyuhuyu ndiye atakayewakumbatia siku ya aibu. Mtoto anavumilia ukali wa mzazi akiwa na hakika ya upendo wake. Ukali usio na upendo unamfukuza mtoto barabarani.

Tupeleke nini nyumbani?

Haya ndiyo tunayoyaona yanaweza kufanyika tangu juma hili, bila faranga nyingi.

Kwanza, kila kikundi kichague Mary Fenlon wake. Atakuwa mama mmoja, si lazima awe na diploma, anayeuliza katika kila mkutano: mtoto wa nani hakwenda shule juma hili, na kwa nini? Mara nyingi sababu ni ndogo, kama daftari, kiatu, au kazi ya kulinda wadogo, na wamama kumi wakikaa pamoja wanaweza kuiondoa.

Pili, mtoto akirudi na sifa mbaya kutoka shuleni, tumtazame mara ya pili kabla ya kumpiga. Anaona vizuri ubaoni? Anasikia? Amekula? Yawezekana tatizo liko machoni, na sisi tunalitafuta kwenye akili.

Tatu, tuandike katika sheria za kikundi tofauti ya kosa na wizi. Aliyekosea apewe nafasi ya kueleza mbele ya wenzake, apewe muda wa kurekebisha, na iwe marufuku kumsema nje ya mkutano.

Nne, tujue wanaozungumza na watoto wetu. Thompson alimwita mtu wa hatari ofisini kwake. Sisi hatuna ofisi, na mama mmoja peke yake asimkabili mtu kama huyo. Lakini wamama ishirini wakienda pamoja kwa mkubwa wa kartie, watasikilizwa.

Tano, anayefaulu amkumbuke aliyemtoa mbali. Msichana wetu akipata diploma ya Serikali, tumwombe awafundishe wadogo wa mtaa siku moja kwa juma. Hiyo ndiyo hospitali yake ya kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Je, kuna mama aliyeacha kuja kwetu kwa sababu ya kosa moja? Ni nani kati yetu atakwenda kumtembelea, na lini?

Je, watoto wetu wanajua tunawaonaje pale wanaposhindwa, au wanajua tu tunavyofurahi wanaposhinda?

Je, kazi inayotulisha leo ikiishiwa upepo kesho, tumejifunza nini kingine?

Zungumzeni bila haraka, na kila mama apewe nafasi ya kusema, hata yule anayekaa nyuma karibu na mlango. Mkiwa na mawazo ya kutuambia, yaandikeni au mtume mtoto anayejua kuandika. Tutayasoma yote.